Kuwafundisha mameneja wafanye wenyewe tathmini ya hatari kazini, mnafanyaje wakuu?

Kofia_Ngumu:

Wakuu habari za majukumu. Naombeni mawazo kwenye hii ishu maana kila nikitafuta mtandaoni naangukia slaidi zilezile za jedwali lenye nyekundu, njano na kijani.

Mi nasimamia usalama na afya kwenye kiwanda cha kufungasha bidhaa, tuna uzalishaji, stoo, karakana ya matengenezo, madereva na watu wa ofisini. Uongozi umeamua kuanzia sasa tathmini za hatari zisifanywe na mtu mmoja wa usalama, kila meneja wa idara afanye ya idara yake, na mimi ndo nimepewa kazi ya kuwafundisha. Wazo lenyewe nalikubali kabisa sababu meneja ndo anapanga kazi, ndo anajua nani yuko shifti ipi, na ndo mwenye kauli ya kusema hii mashine isimame leo mpaka irekebishwe.

Kinachonipa wasiwasi ni kwamba mafunzo kama haya yalishafanyika kabla sijakabidhiwa kitengo, watu walikaa ukumbini kutwa nzima, wakapewa fomu ya mfano, wakapiga picha na vyeti wakasambaa. Sasa hivi nikipekua mafaili nakuta tathmini ya stoo imenakiliwa neno kwa neno kutoka ya karakana, mpaka inazungumzia cheche za kuchomelea vyuma wakati stoo hakuna hata mashine ya kuchomelea. Halafu upande wa hatua za kudhibiti karibu kila mstari umeandikwa "wafanyakazi wawe makini" na "wavae vifaa kinga". Sitaki kurudia hicho kitu.

Kwa wale mliowahi kufundisha mameneja, mnawafundisha nini hasa na mnaacha nini? Chumbani kwa muda gani na kwenye eneo la kazi muda gani? Na unajuaje kwamba huyu sasa naweza kumwachia kalamu na huyu bado?

---

FundiMitambo:

Mkuu, punguza ukumbi kwanza. Darasa lina kazi yake ila saa mbili tatu zinatosha, yaliyobaki yote yahamie palepale kazi inapofanyika, meneja asimame na mtu anayeifanya hiyo kazi kila siku na wewe uwe pembeni. Mameneja wengi wanaijua kazi jinsi ilivyoandikwa kwenye utaratibu, wanaoijua jinsi inavyofanyika ni wale wa chini, na ajali inatokea kwenye kazi inavyofanyika.

Chukua mkanda wa kusafirisha maboksi, naamini kwenu upo. Kwenye karatasi imeandikwa "mashine izimwe kabla ya kusafisha", meneja anasaini, anaona amemaliza. Sasa mpeleke asimame pale mwisho wa shifti, asiseme kitu, aangalie tu. Ataona jamaa anachukua kitambaa anakibana kwenye rola huku mkanda unatembea, maana rola ikizunguka yenyewe inasafishika upesi, na vidole viko sentimita chache kutoka pale mkanda unapoingia chini ya rola. Pale ndo panapovuta. Kikishika kitambaa kinavuta kidole, kikishika mkono wa shati kinavuta mkono mzima, na mtu hana nguvu ya kushindana na mota. Halafu swichi ya dharura iko upande wa pili, mwenye mkono ulionaswa haifikii.

Muulize yule jamaa kwa upole kwa nini hazimi. Atakwambia ukizima kuuwasha tena mpaka aje fundi wa umeme, na hesabu ya maboksi inafungwa saa ileile ya usafi. Kwa hiyo amechagua kilicho rahisi, na wewe na mimi tungechagua hichohicho. Sasa mwambie meneja aandike tathmini upya hapohapo amesimama. Hawezi tena kuandika "mfanyakazi awe makini", ataandika sehemu inayovuta haina kinga, swichi ya dharura iko mbali, ratiba haina muda wa usafi, kuwasha upya kunategemea mtu mmoja. Yote manne yako mezani kwake, hakuna hata moja ambalo yule kijana wa kitambaa anaweza kulibadilisha.

Somo lenyewe ndo hilo na slaidi halifundishi. Na uwafundishe kuulizia kazi ambazo hazifanyiki kila siku, kuzibua mashine iliyokwama, kubadilisha kisu, kuwasha baada ya umeme kukatika, siku ambayo watu wamepungua. Kazi ya kawaida ikiwa inaenda vizuri kila mtu anaonekana salama. Swali ambalo mi nalipenda ni "nionyeshe unavyofanya siku ikiharibika", hapo utasikia mambo ambayo hayako kwenye fomu yoyote.

---

DadaUsalama:

FundiMitambo kaongea la msingi, mi niongezee upande wa darasani maana nako kuna vitu wasipovipata wataenda kutembea kiwandani wakaangalie taka na viatu tu warudi.

Mpangilio unaojulikana ni wa hatua tano, ule ambao mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza iliusambaza sana na wengi wanaufuata: tafuta kitu kinachoweza kudhuru, jiulize nani anaweza kudhurika na kivipi, pima hatari ni kubwa kiasi gani na amua utafanya nini, andika na utekeleze, kisha rudi upitie upya. Usitumie muda mwingi kuwakaririsha hatua, meneja yeyote anazishika haraka. Muda wako uweke sehemu mbili, "nani na kivipi" na "utafanya nini", maana ndo zinaharibiwa.

Kwenye nani, mameneja huwa wanaandika "wafanyakazi wote" wanaendelea. Wazuie hapo. Kuna mgeni aliyeanza kazi wiki hii, mjamzito, asiyesikia vizuri kengele, msafishaji anayeingia usiku taa nusu zimezimwa, dereva wa kampuni nyingine anayekuja kushusha mzigo na hajawahi kuambiwa foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo, zinapita wapi. Kila mmoja anaumia kwa njia yake. Na "kivipi" iwe sentensi kamili, kwa mfano "mpakiaji anakatiza nyuma ya foklifti inayorudi nyuma kwa sababu choo kiko upande ule, dereva hamuoni, anagongwa au anabanwa kwenye rafu". Sentensi ikiandikwa hivyo dawa karibu inajitaja yenyewe, kizuizi cha chuma, njia ya miguu iliyotengwa au mlango mwingine wa kuelekea chooni. Ikiandikwa "foklifti – hatari ya kugongwa" jibu litakuwa reflekta, na reflekta haizuii tani kadhaa za chuma.

Kwenye utafanya nini, wafundishe ngazi ya udhibiti mpaka iwe kama mazoea: kwanza iondoe kabisa hiyo hatari, ukishindwa badilisha kwa kitu chenye madhara madogo, ukishindwa tenganisha watu nayo kwa kinga, uzio au kifyonza hewa, baada ya hapo ndo taratibu, mafunzo na mabango, na mwisho kabisa vifaa kinga. Vifaa kinga viko chini kwa sababu vinategemea kila mtu kuvaa vizuri kila dakika, vikishindwa hakuna kilichobaki kati yake na hatari. Mi huwa nawapa sheria moja, ukitaka kuandika glavu au kofia kwanza niandikie kwa nini ngazi nne za juu hazikuwezekana. Utashangaa wanavyoanza kufikiria.

Halafu hilo jedwali la rangi. Sikatai lisitumike, linasaidia kupanga kipi kianze, ila wafundishe udhaifu wake mapema. Kila kimoja kinapewa namba 1 hadi 5, sasa ukizidisha uwezekano kwa ukubwa wa madhara, kitu kinachotokea mara chache sana lakini kinaua ni 1 mara 5, kikwaruzo cha kila siku ni 5 mara 1, vyote unapata 5 na vyote vinakaa rangi moja. Meneja akiangalia rangi tu ataviona sawa, na sio sawa hata kidogo. Kinachoua kinataka udhibiti wake hata kama hakijawahi kutokea hapo kwenu. Mchezo mwingine ni wa kushusha namba mpaka boksi liwe kijani. Ukiona mtu kaandika kwamba baada ya kuvaa kofia madhara ya kuanguka kutoka mita sita yameshuka kutoka 5 kwenda 2, mrudishe, kofia haijapunguza ule urefu. Wazoeshe kujadili kwanza kwa maneno, nini kinaweza kutokea, kibaya zaidi ni kipi, kinga iliyopo inafanya kazi kweli au iko kwenye karatasi, ndo namba zije baadaye.

---

kontrakta_huru:

Mi natofautiana kidogo na wenzangu. Meneja wa uzalishaji anapimwa kwa maboksi mangapi yametoka, leo unampa na kalamu ya kuandika kwamba mashine yake ni hatari na inabidi isimame, unadhani ataandika? Huyu mtu ana mgongano wa maslahi, sio kwamba ni mbaya. Nimefanya kazi kama kontrakta sehemu nyingi na tathmini za maana nilizoziona zilifanywa na mtu wa nje asiyemwogopa yeyote. Kwa hela mtakayotumia kwenye mafunzo na muda wa mameneja kuacha kazi, si bora mlete mtaalamu afanye zote vizuri kisha mameneja wafundishwe kutekeleza tu?

---

Mzee_wa_Vibali:

kontrakta_huru hoja yako ya mgongano ina uzito, na dawa yake nitaisema, lakini mtaalamu wa nje hawezi kuwa mbadala wa meneja. Mtaalamu anakuja siku ambayo kiwanda kimefagiliwa, anaona kazi zinazoonekana siku hiyo, anaandika kitabu kizuri anaondoka. Mwezi unaofuata mmeleta mashine mpya, mmebadilisha kemikali ya kusafishia, mmepunguza watu kwenye shifti ya usiku, na kile kitabu kinaelezea kiwanda ambacho hakipo tena. Anayekuwepo mabadiliko yanapotokea ni meneja. Hata kisheria wajibu hauhami, mwongozo mama wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1989 kuhusu usalama kazini unasema wazi kwamba mwajiri akikodi watu wa nje bado majukumu yanabaki kwake. Na kiwango cha kimataifa cha usalama na afya kazini, ISO 45001 cha mwaka 2018, kinataka wafanyakazi wasio na vyeo washirikishwe kwenye kutambua vihatarishi na kuamua hatua, sasa mtu wa kupita tu atawashirikisha vipi watu asiowajua hata kwa majina.

Dawa ya mgongano ni mbili. Ya kwanza, meneja asifanye peke yake, kila tathmini iwe na mfanyakazi wa kazi hiyo na fundi, na wote wasaini kwamba ndivyo kazi inavyofanyika. Ya pili, wabadilishane, meneja wa stoo akapitie ya uzalishaji na wa uzalishaji akapitie ya stoo, mgeni anaona vitu ambavyo mwenyeji amevizoea.

Kitu kingine ambacho naomba kisikosekane kwenye mafunzo yako Kofia_Ngumu ni kwamba tathmini isiyowafikia watu wa shifti ni sawa na haipo. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha kule Bahari ya Kaskazini liliwaka moto, watu 167 wakafa. Mchana wake mafundi walikuwa wametoa vali ya usalama ya pampu moja kwa ajili ya matengenezo, wakaziba bomba kwa kifuniko cha muda, kazi haikuisha wakaiacha. Usiku pampu ya pili ikagoma, watu wa shifti wakahitaji gesi iendelee, wakawasha ile ya kwanza bila kujua kwamba vali haipo. Kibali cha kazi, yaani ruhusa ya maandishi ya kufanya matengenezo, kilikuwepo, karatasi zilikuwepo, ila taarifa haikutoka kwa waliofungua bomba kwenda kwa waliobonyeza swichi. Mi nikifundisha hapa natulia kabisa, nawapa mameneja wachore nani alitakiwa kumwambia nani, saa ngapi, kwa njia gani, kisha nawaambia wachore hivyohivyo kwa kazi moja ya matengenezo ya kwao iliyovuka shifti. Wengi wanakuta kuna mshale haupo.

Na hapohapo unaunganisha na kufunga swichi kuu kwa kufuli. Kila fundi aliye ndani ya mashine awe na kufuli lake na funguo iwe mfukoni mwake, sio kwa supavaiza wala kwenye msumari ukutani. Meneja ahakikishe kwa macho, ajaribu kuwasha aone haiwaki, ndo aandike kwamba udhibiti upo.

---

Kofia_Ngumu:

Aisee asanteni sana, hii ya kubadilishana idara naichukua leoleo, na ile ya kuandika kwa nini ngazi za juu zimeshindikana kabla ya kuandika glavu.

Niulize jingine. Meneja wa ofisi ameshaniambia yeye haoni sababu ya kuhudhuria, anasema kwake kuna meza na kompyuta tu, labda waya za umeme. Na meneja wa usafirishaji anasema madereva wake wako barabarani, atatathmini nini na barabara sio yake? Hawa nawajibu nini, au niwaache nianze na walio tayari?

---

NesiWaKazini:

Usiwaache mkuu, hao ndo wenye kazi ambayo haionekani kirahisi na haiachi damu sakafuni.

Mwambie wa ofisi madhara ya kazi sio kukatwa na kuanguka tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo kama 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo kwa mwaka 2016 peke yake. Hao wanaokaa mpaka usiku kufunga hesabu za mwezi ni wa kwake, na hilo ni la kutathmini kama foklifti inavyotathminiwa: nani anakaa muda mrefu, mara ngapi, kwa sababu gani, nani anabebeshwa kazi za aliyeondoka akaacha nafasi wazi, nani anatukanwa na wateja kwenye simu siku nzima na hana wa kumwambia. Mi nawaona zahanati yetu ya kazini wakija na maumivu ya shingo, kichwa, usingizi hauji, presha juu, na ukikaa nao kidogo unakuta chanzo kiko kwenye ratiba. Dawa ya maumivu hawezi kuandika meneja ila ratiba anaiandika yeye. Na ngazi ya udhibiti inafanya kazi hapohapo, kuongeza mtu au kuhamisha tarehe ya mwisho ni kuondoa chanzo, semina ya kupambana na msongo wa mawazo ni kama kofia, ije mwisho.

Vitu vya kawaida navyo vipo, skrini iliyo chini sana mtu anainama kutwa, maboksi ya karatasi yameziba mlango wa kutokea wakati wa moto, kabati refu lisilofungwa ukutani. Ila asianzie hapo akaishia hapo.

Wa usafirishaji barabara sio yake kweli, lakini muda wa safari ni wake. Ni yeye anaamua gari liondoke saa ngapi na lifike saa ngapi, kama hesabu haitoki bila dereva kukimbia au kutolala basi hatari ameipanga yeye ofisini. Matairi na breki ni zake, mzigo ulivyofungwa ni wake, simu anayompigia dereva akiwa kwenye usukani ni yake pia! Mwambie achukue safari moja ndefu, akae na dereva anayeifanya, waipige hesabu saa kwa saa pamoja na kula, kupumzika na foleni ya kushusha mzigo. Akimaliza hiyo hesabu hatasema tena hana cha kutathmini.

Kwenye kelele naomba uwape kipimo kimoja rahisi cha kuanzia, kama mtu aliye mita 2 kutoka kwako inabidi upaze sauti ndo akusikie, kuna uwezekano kelele imefika desibeli 85 au zaidi, na hapo masikio ya mtu anayeshinda shifti nzima yanaharibika taratibu bila maumivu yoyote. Hicho kipimo ni cha kujua tu kwamba inabidi aitwe mtu mwenye kifaa, sio cha kuandika namba kwenye fomu.

---

Mzee_wa_Vibali:

Nesi umegusa kitu nilichotaka kukiandika, mpaka wa meneja. Mafunzo mazuri yanampa mtu ujasiri wa kusema "hapa pamenizidi" na yasipomfundisha hivyo unaweza kumuumiza yeye na watu wake.

Kwa upande wangu kuna vitu meneja anavitambua na kuvisimamisha, ila kupima na kuamua udhibiti anaita mtaalamu. Kwanza ni maeneo finyu, matenki, mashimo, visima vya maji taka. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 tayari inahesabika pungufu, na jicho haliwezi kukuambia, tenki linaonekana safi kabisa. Gesi ya maji taka ile yenye harufu ya yai bovu ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo mtu anadhani imeisha kumbe ndo imekuwa kali. Na vifo vya huko huwa vya kufuatana, mmoja kaanguka, mwenzake kakimbilia kumwokoa bila kifaa, naye kabaki. Meneja afundishwe neno moja tu hapo, hakuna kuingia mpaka hewa imepimwa, kuna kibali, kuna mtu nje na mpango wa kuokoa usiotegemea mtu kujitosa.

Kemikali nazo, awe anaweza kusoma ile karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16, hasa namba 2 inayotaja hatari, 4 ya huduma ya kwanza na 8 ya kinga, na ajue kwamba kuchanganya mbili zisizotakiwa kukutana sio suala la kukisia. Vumbi laini, mionzi, mashine za presha, umeme mkubwa, kubomoa majengo ya zamani ambayo yanaweza kuwa na asbesto (nyuzi za madini zinazoharibu mapafu), yote hayo aite mtu. Waandikie hiyo orodha ukurasa mmoja wabandike ofisini, na weka jina la nani wa kumpigia.

---

kontrakta_huru:

Hapo kwenye mpaka mmenikuta, kwa mpangilio huo nakubali, mtaalamu aitwe kwenye yale yaliyozidi na meneja abaki na ya kila siku. Ila Kofia_Ngumu hakikisha wana fungu la pesa. Ukimfundisha mtu kugundua kinga ya mashine haipo halafu kila akiomba inunuliwe anaambiwa subiri bajeti ya mwaka ujao, kufikia mara ya tatu ataacha kuandika. Kabla ya kuanza mafunzo yapate maandishi ya uongozi kwamba meneja anaruhusiwa kutumia mpaka kiasi fulani bila kuomba, na kwamba akisimamisha mashine kwa usalama hakatwi kwenye malengo yake ya mwezi.

---

Kofia_Ngumu:

Hilo la malengo ya mwezi nalipeleka juu wiki hii kabla sijapanga tarehe yoyote. Limebaki moja tu, namna ya kuwapima. Mtihani wa kuchagua a, b, c najua watafaulu wote.

---

DadaUsalama:

Usiwape mtihani wa karatasi. Mpe kila meneja kazi moja halisi ya idara yake, sio ndogo sana, aifanyie tathmini mwenyewe na timu yake wewe ukiwa haupo. Ndani ya wiki mbili hivi uende nayo mkononi mpaka kwenye eneo, umtafute mtu wa shifti nyingine ambaye hakushiriki, umsomee uulize "ndo mnavyofanya?" Akisema ndiyo na akaongeza kitu kidogo, vizuri. Akicheka, meneja arudi.

Angalia na vitu vingine unavyoweza kuviona bila kumuuliza mtu. Kila hatua ya udhibiti ina jina la mtu na tarehe, au imeandikwa "uongozi" tu? Hatua ni za ngazi za juu au zote ni mabango na glavu? Kuna kitu chochote kimebadilika kwenye eneo, kimesogezwa, kimefungwa, kimezungushiwa uzio? Tathmini ambayo haijahamisha hata swichi moja naitilia shaka, isipokuwa kama kweli mlikuwa mmeshamaliza yote na hilo ni nadra.

Kisha fuatilia taarifa za chupuchupu, yale matukio ambayo mzigo umedondoka hapakuwa na mtu chini yake. Baada ya mafunzo zikiongezeka usiogope wala usiruhusu bosi yeyote alalamike, maana yake watu wameanza kusema. Ila kila moja ikija meneja afungue tathmini yake aangalie, hili lilikuwemo? Kama halikuwemo aongeze siku hiyohiyo, kama lilikuwemo basi udhibiti aliouandika haukufanya kazi na inabidi apande ngazi. Mpangie na tarehe ya kupitia upya, lakini mwambie tarehe ni ya mwisho tu, mashine mpya, kemikali mpya, mtu mpya, ajali au ratiba mpya vyote vinafungua faili kabla ya tarehe.

Wale ambao bado usiwatangaze mbele ya wenzao. Tembea nao tena kwenye kazi nyingine, mara nyingi mtu hajashindwa kuelewa, ameshindwa kumuuliza mfanyakazi wake swali akamsikiliza mpaka amalize bila kumkatiza, na hilo analijifunza kwa kukuona wewe ukilifanya.

---

FundiMitambo:

Nakazia hapo kwa Dada. Na kwenye matembezi ya kwanza chagua ule mkanda au kitu cha namna hiyo ambacho kinaweza kurekebishwa ndani ya siku chache, kinga ifungwe, swichi isogezwe, ratiba ipewe dakika za usafi. Wafanyakazi wakiona walichokisema kimefanyiwa kazi, matembezi ya pili watakuja wenyewe kukuonyesha vile ambavyo hukuwa unavijua. Ukiwa na picha za hiyo fomu mpya zitupie hapa tuipitie pamoja.